Tangazo la afilieti limegoma: dalili, visababishi na pa kuanzia

Afilieti, yaani mtu anayenadi bidhaa za wengine kwa kamisheni, akilipia matangazo ya utafutaji ana wakubwa wawili wasiojuana. Wa kwanza ni injini ya utafutaji yenyewe, iwe ni Google Ads au Microsoft Advertising, yenye sera zake kuhusu ukurasa, kiungo na maneno ya tangazo. Wa pili ni mwenye bidhaa, ambaye mkataba wake ndio unaoamua kama kamisheni italipwa. Google haijui mkataba wako unasema nini, na mwenye bidhaa hajali Google imekuidhinishia nini. Ndiyo maana tangazo linaweza kuwa safi upande mmoja na kosa kubwa upande wa pili. Google inakuruhusu kuweka dau (kiasi unachokubali kulipa kwa mbofyo) kwenye jina la chapa ya mtu, mkataba unakukataza. Mkataba unakuruhusu kusambaza kiungo chako cha kamisheni, Google inaukataa ukurasa ulikokiweka.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote jiulize: nani amenikatalia? Nimeona watu wakiandika upya tangazo mara sita kumbe tatizo liko kwenye mkataba, na wengine wakigombana na meneja wa programu ya kamisheni kumbe seva yao wenyewe, kompyuta inayohifadhi tovuti yao, ndiyo iliyoifungia mlango roboti ya Google, programu inayopita kukagua kurasa.

Nenda kwenye safu ya hali ya tangazo, weka kishale juu ya lebo, nakili sababu neno kwa neno, kisha piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Usihariri bado. Kila ukihariri, tangazo linarudi kwenye foleni ya ukaguzi, na ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilichosaidia. Hapa chini lebo nimeziacha kwa Kiingereza, jinsi zinavyotokea kwenye skrini, ili uzifananishe na yako.

## Tangazo limeidhinishwa, lakini halionekani

Acha kwanza kulitafuta mwenyewe kwenye Google. Ukitafuta kila saa bila kubofya unajiongezea maonyesho yasiyo na mibofyo, na mfumo unaweza kuacha kukuonyesha tangazo kwa kuwa umeonekana huna haja nalo. Ndani ya akaunti ipo zana ya kuhakiki tangazo: unaandika neno la utafutaji, unachagua eneo, lugha na aina ya kifaa, nayo inakuambia kama tangazo linatoka, na kama halitoki, kwa nini.

Sababu ninazokutana nazo, kuanzia ya kawaida zaidi:

1. Ukaguzi haujaisha. Matangazo mengi hukaguliwa ndani ya siku moja ya kazi. Zikipita siku mbili kamili za kazi bila jibu, wasiliana na huduma kwa wateja.
2. Malipo au utambulisho. Kadi imekataliwa, au hujamaliza uthibitisho wa mtangazaji ambao Google ilianza kuudai kwa upana mwaka 2020. Angalia kama jina kwenye kitambulisho linalingana na jina kwenye wasifu wa malipo, herufi kwa herufi.
3. Dau ni dogo au bajeti inaisha asubuhi.
4. Umegongana na mwenye bidhaa, au na afilieti mwenzako, kwenye kikoa kimoja, yaani anwani kuu moja ya tovuti.

Hii ya nne ndiyo ya kiafilieti hasa, na haina lebo yoyote. Januari 2005 Google ilianzisha kanuni kwamba utafutaji mmoja hauonyeshi zaidi ya tangazo moja la kikoa kilekile. Kiini cha kanuni hiyo bado kipo. Ikiwa tangazo lako linampeleka mteja moja kwa moja kwenye duka la mwenye bidhaa, basi wewe, maafilieti wengine wote na duka lenyewe mnagombea nafasi moja. Anayepita ni mwenye daraja la juu, yaani dau likichanganywa na ubora wa tangazo. Duka halimlipi mtu kamisheni kwa mauzo yake lenyewe, kwa hiyo linaweza kuweka dau ambalo kwako ni hasara.

Utaitambua hali hii kwa mwendo wa maonyesho: yanachomoza usiku, au mwishoni mwa mwezi bajeti ya duka ikikauka, kisha yanazimika ghafla. Watu wengi hapo hupandisha dau. Usifanye hivyo. Kama kamisheni yako ni 8 kwa kila mauzo na mteja mmoja kati ya 40 ndiye anayenunua, kila mbofyo unakuingizia 0.20. Ukilipa 0.30 kwa mbofyo ili uonekane, kila anayekuona anakutia hasara. Dawa ni kikoa chako mwenyewe na ukurasa wako mwenyewe, halafu ndipo mteja aende dukani. Ila huo nao una masharti yake, nitayafikia.

## Lebo inasema "Destination not working", na kwako ukurasa unafunguka vizuri

Kesi hii inanigusa kwa sababu iliwahi kunila wiki mbili. Tangazo lilikataliwa mara nne. Kila mara nilifungua ukurasa kwenye simu, nikaona picha, jedwali na kitufe vyote viko mahali pake, nikakata rufaa kwa hasira, nikakataliwa tena. Mara ya tano niliacha kuangalia ukurasa nikafungua kumbukumbu za seva. Kulikuwa na mistari ileile kila baada ya saa chache: mgeni anayejitambulisha kama AdsBot-Google, na mbele ya jina lake namba 403. Seva ilikuwa inamwambia hana ruhusa. Kiongezi cha ulinzi (programu ndogo ya nyongeza kwenye tovuti) nilichokiweka mwenyewe kilikuwa kinafungia kila mgeni asiye na tabia za kibinadamu, na roboti ya matangazo ni mgeni wa aina hiyo. Niliiruhusu, nikaomba ukaguzi, na tangazo likapita siku iliyofuata.

Kwa hiyo kagua hivi, kuanzia jepesi:

- Nakili kiungo kutoka ndani ya tangazo lenyewe, wala si kutoka kwenye kumbukumbu ya kivinjari chako, ukifungue kwenye dirisha la faragha. Mara nyingi kosa ni herufi iliyodondoka, na jibu linakuwa 404, ukurasa haupo.
- Kifungue kwa simu yenye data, si kwa Wi-Fi uliyoizoea. Ukurasa unaoelemewa na kurudisha 500, hitilafu ya seva, mara moja moja unatosha kukuangusha, kwa sababu roboti inaweza kupita dakika ileile.
- Angalia kama umefungia nchi. Maafilieti wengi huzuia wageni wa nje ya soko lao ili kuokoa mzigo wa seva, na roboti inaweza kuja kutoka nchi nyingine kabisa.
- Soma kumbukumbu za seva, utafute AdsBot-Google na AdsBot-Google-Mobile. Namba 200 ni salama. 403, 404 au 500 ndiyo majibu yako.
- Fungua faili la robots.txt, ambalo huziambia roboti zipite wapi na zisipite wapi. AdsBot haifuati amri ya jumla ya nyota (*) inayolenga roboti zote, hutii tu mstari unaoitaja kwa jina. Kama kuna mtu aliwahi kuitaja na kuifungia, mstari huo ndio wa kufuta.

Kama seva si yako na mwenye huduma ya kuhifadhi tovuti hakupi kumbukumbu, mwandikie aziruhusu roboti hizo na akutumie mistari ya siku ambayo tangazo lilikataliwa. Usianze kubadilisha mipangilio ya kinga ya seva kwa kubahatisha. Ukiizima yote ili tangazo lipite, unaweza kuja kukuta tovuti imedukuliwa, na hapo tatizo si la tangazo tena.

## Lebo inasema "Destination mismatch"

Maana yake ni kwamba tangazo linaonyesha kikoa kimoja, mteja anatua kwenye kingine. Kwa afilieti chanzo karibu kila mara ni kiungo cha kamisheni kuwekwa moja kwa moja kama anwani ya mwisho ya tangazo: kinaanzia kwenye kikoa cha mtandao wa kamisheni (kampuni inayowaunganisha maafilieti na wenye bidhaa na kuhesabu mauzo), kinaruka mara mbili tatu, kinaishia dukani. Vifupisho vya viungo hufanya kosa hilohilo. Sababu ya tatu, adimu kidogo, ni kiolezo cha ufuatiliaji, yaani anwani ya kando ya kuhesabia mibofyo, kumpeleka mteja ukurasa tofauti na ule ulioandikwa kama wa mwisho, labda kwa sababu umenakili kampeni ya zamani ukasahau kiolezo ndani yake.

Anwani ya mwisho iwe ukurasa ambao mteja anautua kweli. Vya kufuatilia vikae kwenye kiolezo cha ufuatiliaji. Halafu soma sehemu ya kamisheni zisizorekodiwa hapa chini kabla hujafurahi, maana kiolezo nacho kina mtego.

## Ukurasa umekataliwa kwa kukosa maudhui ya asili

Lebo ni "Insufficient original content". Hapa ndipo maafilieti wengi huona wameonewa, na naelewa kwa nini: ukurasa unaonekana safi, una picha nzuri, haudanganyi mtu. Lakini sera inauliza swali lingine. Inauliza kama ukurasa upo kwa ajili ya mteja, au upo tu kama daraja la kumvusha kwenda kwingine.

Jaribio ninalolitumia ni hili. Nakili ukurasa wako, futa viungo vyote vya kamisheni na vitufe vyote vya kununua, kisha soma kilichobaki. Je, mtu aliyefika akitafuta msaada ataondoka na chochote? Ukurasa niliowahi kuuona wa programu ya uhasibu ulibakiwa na picha ya kisanduku, sentensi tatu zilizonakiliwa kutoka kwa mwenye bidhaa, na nyota tano ambazo hakuna aliyezitoa. Huo hauhitaji rufaa, unahitaji kuandikwa.

Kilichokuja kuuokoa hakikuwa wingi wa maneno. Mwenye ukurasa aliinunua programu, akaingiza ankara halisi kumi, akapiga picha za skrini zake mwenyewe, akaandika hatua ambayo ilimshinda na jinsi alivyoitatua, akalinganisha na programu nyingine mbili na kutaja ni nani asiyefaa kuinunua. Hiyo sehemu ya nani asiyefaa ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu haipatikani kwa mwenye bidhaa. Na wateja wanaiona.

Mambo mengine ya kukagua kwenye ukurasa huohuo: kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari kinafanya kazi? Hakuna dirisha linaloruka na kufunika kila kitu? Umesema waziwazi, karibu na kiungo na si chini kabisa kwa herufi ndogo, kwamba unalipwa kamisheni? Ukilenga wateja wa Marekani hili la mwisho lina uzito wa kisheria: Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, inataka uhusiano wa kifedha kati ya anayependekeza na mwenye bidhaa utajwe kwa namna ambayo msomaji hawezi kuikosa.

Usikate rufaa kabla hujabadilisha kitu. Unapokata rufaa unaulizwa kama umerekebisha au unapinga uamuzi. Ukichagua kwamba umerekebisha wakati ukurasa ni uleule, umepoteza nafasi yako ya kusikilizwa kwa makini.

## Mibofyo inakuja, kamisheni haionekani

Ulilipia mibofyo 300, ripoti ya mtandao wa kamisheni inaonyesha 12 au sifuri. Kabla hujamshuku mwenye bidhaa, fanya mbofyo wa majaribio. Usibofye tangazo lako. Nakili kiungo kilichopo ukurasani kwako, kifungue kwenye dirisha la faragha, na uangalie anwani inapotulia: ile alama yako ya utambulisho bado ipo mwishoni mwa anwani? Kama imepotea njiani, umepata.

Inapotea kwa njia kadhaa. Ya kawaida ni ukurasa wako kuhama kutoka anwani moja hadi nyingine, kwa mfano kutoka isiyo na www kwenda yenye www, na kudondosha kila kilicho nyuma ya alama ya kuuliza. Nyingine ni kiongezi cha kuharakisha tovuti kinachohudumia nakala ya zamani ya ukurasa, yenye kiungo cha zamani.

Kisha kuna mtego wa kiolezo nilioutaja. Tangu tarehe 30 Oktoba 2018, ufuatiliaji sambamba ni wa lazima kwenye matangazo ya utafutaji ya Google. Mteja akibofya, kivinjari kinampeleka moja kwa moja kwenye anwani ya mwisho, na kiolezo cha ufuatiliaji kinaitwa pembeni, nyuma ya pazia. Zamani mteja alipitia kwenye kiungo cha kamisheni, akapewa alama, akafika dukani nayo mkononi. Sasa anafika dukani bila kupita huko. Mtandao wa kamisheni umehesabu mbofyo, lakini alama iliyotakiwa kubandikwa kwenye anwani haikumfikia mteja, na duka linamwona kama mgeni aliyekuja mwenyewe. Kama ulikuwa unatangaza kwa kiungo cha moja kwa moja na kamisheni zako zikakauka huku mibofyo ikiendelea, anzia hapa. Uliza mtandao wa kamisheni kama mfumo wao unaendana na ufuatiliaji sambamba na kama kiolezo chao kinatumia HTTPS. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, peleka matangazo kwenye ukurasa wako mwenyewe, ambako kiungo cha kamisheni kinabofywa na mteja kwa mkono wake.

Sababu nyingine, zisizokuwa kosa la mtu: kuki, yaani alama inayoachwa kwenye kivinjari cha mteja, imeisha muda (kwa Amazon dirisha la kawaida ni saa 24 tu), mteja alibofya kwa simu akanunua kwa kompyuta, au anatumia Safari, kivinjari cha Apple, ambacho tangu Machi 2020 huzuia kuki zote za watu wa tatu, yaani za tovuti nyingine zaidi ya ile aliyoifungua. Na mwisho kabisa, mteja anaweza kuwa alipita kwa afilieti mwingine wa kuponi dakika moja kabla ya kulipa, na mbofyo wa mwisho ndio uliolipwa.

## Kamisheni zilirekodiwa, kisha zikafutwa: barua ya mwenye bidhaa

Barua husema umeweka dau kwenye jina la chapa. Wewe unaapa hujawahi. Inawezekana kabisa nyote wawili mnasema kweli, na hili ndilo ningependa kila afilieti mpya alielewe kabla hajalipia mbofyo wa kwanza.

Neno uliloliweka kwenye kampeni si lazima liwe neno ambalo mteja aliandika. Ukichagua ulinganifu mpana, unaoruhusu utafutaji unaofanana na neno lako, ukaweka "viatu vya kukimbilia", mfumo unaweza kukutoa kwa mtu aliyeandika jina la duka pamoja na neno viatu. Hata ulinganifu kamili, uliokusudiwa kwa neno lilelile tu, si kamili tena: tangu 2014 unachukua miundo ya karibu ya neno, na mwaka 2018 ukaongezwa maneno yenye maana ileile. Kampeni za otomatiki ambazo hazikuulizi maneno kabisa ndizo hatari zaidi kwa afilieti.

Fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, si orodha ya maneno uliyoweka, na uipange kwa jina la chapa. Ukiyakuta, ndiyo hayo mwenye bidhaa aliyaona. Hatua:

- Weka jina la chapa kama neno la kuzuia kwenye kampeni zote, si moja tu. Ongeza jina la tovuti yake, jina likiwa limeunganishwa, na majina ya bidhaa zake zilizosajiliwa.
- Makosa ya tahajia mengi yanazuiwa yenyewe tangu katikati ya 2024, lakini visawe na majina ya utani ya chapa hayazuiwi. Yaandike mwenyewe.
- Ondoa kampeni za otomatiki kwa bidhaa za mwenye mkataba huo, au weka orodha ya chapa za kuepukwa kabla ya kuziwasha.
- Mtumie mwenye bidhaa ripoti yenyewe, tarehe uliyoweka vizuizi, na historia ya mabadiliko ya akaunti. Mameneja wengi wanakubali kosa linaloonyeshwa na kurekebishwa siku ileile. Hawakubali ukimya.

Soma mkataba mpya kila unapobadilika, hasa kipengele cha utafutaji wa kulipia. Amazon, kwa mfano, tangu Mei 2009 iliacha kuwalipa maafilieti wa Amerika Kaskazini wanaonunua matangazo ya utafutaji na kuwapeleka wateja moja kwa moja kwenye tovuti yake. Watu walioishi kwa njia hiyo walipewa wiki chache tu. Mikataba mingine inaruhusu dau kwenye jina la chapa kwa idhini ya maandishi, mingine inaruhusu jina likiwa na neno kama "maoni" pembeni, mingine inakataza kabisa. Barua pepe moja ya idhini iliyohifadhiwa vizuri ina thamani kubwa siku ya mgogoro.

Kuna wanaoshauriana kuficha: tangazo litoke usiku tu, au lisionekane katika jiji yalipo makao makuu ya mwenye bidhaa. Naomba usifanye hivyo. Wenye bidhaa hutumia programu zinazotafuta chapa yao saa zote kutoka miji mingi, na likigundulika hapo haliitwi tena bahati mbaya.

Barua ikitaja kesi, fidia, au ukiukaji wa alama ya biashara, simama. Usijibu kwa haraka, usikiri wala kukana kwa maandishi. Mtafute wakili anayeshughulika na alama za biashara. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 23 Machi 2010, katika shauri la Google France na Louis Vuitton, kwamba injini kuruhusu dau kwenye jina la chapa si kuitumia alama hiyo yenyewe. Lakini mtangazaji anaweza kuwajibika ikiwa tangazo halimwezeshi mtu wa kawaida kujua kwa urahisi bidhaa inatoka kwa nani. Yaani kinga iliyoikoa injini haikukingi wewe.

## Tangazo limekataliwa kwa sababu lina jina la chapa

Hili ni jepesi kuliko linavyotisha. Google huzuia chapa kwenye maandishi ya tangazo pale mwenyewe anapolalamika. Ondoa jina kwenye kichwa na maelezo, tangazo litapita. Ukilihitaji kweli, kuna njia mbili: ukurasa wako uwe unauza bidhaa hiyo au unatoa taarifa za kina kuihusu, au mwenye chapa ajaze fomu ya kuidhinisha akaunti yako. Njia ya pili ndiyo imara.

## Bidhaa yenyewe ina masharti

Mikopo, kamari, dawa, sarafu za kidijitali, tiba ya uraibu. Hapa kurekebisha ukurasa hakutoshi, unahitaji kibali, na mara nyingi afilieti hana sifa za kukipata. Google ilifungia matangazo ya mikopo ya kulipwa ndani ya siku 60 mwaka 2016. Kwa huduma za fedha zinazolenga Uingereza, tangu Septemba 2021 mtangazaji lazima apite uthibitisho unaohusishwa na mamlaka ya huko inayosimamia huduma za fedha, FCA. Famasi za mtandaoni katika nchi kadhaa hupita kwa LegitScript, kampuni inayozithibitisha. Kabla hujaandika tangazo muulize mwenye bidhaa kama kibali chake kinakufunika. Mara nyingi hakikufuniki.

## Akaunti nzima imefungiwa

Tofautisha aina mbili. Kwa baadhi ya sera Google hutumia mfumo wa maonyo: onyo la kwanza bila adhabu, kisha kosa linalosimamisha akaunti siku 3, la pili siku 7, la tatu kufungiwa. Kila kosa huisha baada ya siku 90. Hapo una nafasi ya kupumua. Aina ya pili ni kufungiwa papo hapo bila onyo, na sababu inayowapata maafilieti zaidi ni "Circumventing systems", kukwepa mifumo.

Chunguza kwa mpangilio huu:

Je, uliwahi kuwa na akaunti nyingine iliyofungiwa, au unatumia kadi, kompyuta au tovuti ya mtu aliyefungiwa? Akaunti huunganishwa kwa vitu hivyo.

Je, programu yako ya ufuatiliaji ina kichujio cha roboti? Baadhi huuzwa kama njia ya kuokoa takwimu, kumbe huionyesha roboti ukurasa mmoja na mteja ukurasa mwingine. Hata kama hukukusudia, huo ndio ukwepaji wenyewe. Kizime, ufute na sheria zake zote.

Je, tovuti imedukuliwa? Fungua ripoti ya usalama kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Ukikuta kurasa usizozijua, au simu zinapelekwa kwingine huku kompyuta zikibaki, usianze kufuta mafaili mwenyewe. Mwite mtaalamu wa usalama wa tovuti, maana mlango wa nyuma ukibaki wazi utafungiwa mara ya pili, na rufaa ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Je, ofa unayoitangaza ni safi? Majaribio ya bure yanayogeuka malipo ya kila mwezi bila kusema huangusha akaunti ya afilieti pamoja na ya mwenye ofa. Ingia kama mteja, fika hadi ukurasa wa kulipia, soma kila mstari.

Ukishajua, andika rufaa moja. Taja kilichokuwa kibaya, ulichobadilisha, tarehe, na anwani za kurasa husika. Kama ulitumia kichujio cha roboti, kiseme. Maelezo ya nusu ukurasa yenye ushahidi yana nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko, na rufaa tano zinazofanana zinachosha anayezisoma.

Wakati unasubiri utapata ushauri wa kufungua akaunti nyingine kwa jina la mwenza au ndugu, au kununua akaunti ya zamani iliyothibitishwa. Ndiyo hatua inayogeuza kosa linaloweza kusameheka kuwa la kudumu, na inamwingiza ndugu yako kwenye orodha bila yeye kujua. Kama akaunti inabeba mishahara ya watu au deni la kampeni kubwa, siku hiyohiyo mwandikie mwenye bidhaa umweleze kwamba matangazo yamesimama, omba kamisheni zilizokwisha kuthibitishwa zilipwe kwa ratiba ya kawaida, na uhifadhi nakala za ripoti zote za maneno yaliyotafutwa.

Ukiwa unazo nakala hizo na rufaa ikakataliwa mara mbili, ndipo umlipe mtaalamu wa sera za matangazo aziangalie. Mpe kwanza zile kumbukumbu za seva na historia ya mabadiliko. Anayekuahidi kuifungua akaunti bila kuuliza hata kimoja kati ya hivyo, mkatalie.